E na O za Bibi

Juzi nilipita Tunduma kikazi. Foleni ya malori ya kwenda Zambia ilikuwa imeziba barabara kama kawaida yake, nikashuka kwenye gari nikaamua kutembea. Sikuwa na wazo la kwenda mtaa wetu wa zamani. Miguu ndiyo iliyokumbuka. Nilipofika kwenye ukuta mmoja wa matofali nikasikia watoto wakiimba kwa pamoja: "Be fataha ba, be kasra bi, be dhuma bu." Mwenzangu, nilisimama palepale vumbini nikacheka peke yangu, mpaka mama mmoja muuza ndizi akaniangalia mara mbili.

Ngoja nikueleze. Nililelewa na bibi mzaa baba, Mnyiha wa Isansa aliyehamia Tunduma kuuza maharage na kahawa. Nyumba yetu ilipakana na kituo cha taasisi moja ya Waislamu. Makao makuu yake yalikuwa Dar es Salaam na jina lake lilikuwa refu, kwa hiyo mtaani tuliiita Taasisi, basi. Ndani ya uzio mlikuwa na msikiti mdogo, chekechea, madrasa, na kisima walichokichimba kwa ajili ya watu wote. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, lakini ndoo zetu zilipanga foleni pamoja na ndoo za wake wa madereva na wafanyabiashara waliotoka Kondoa, Tanga na Kigoma. "Maji hayana dini," bibi alisema, na hilo likawa limekwisha.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Asubuhi za kipupwe, upepo ukitukata masikio, nilisubiri zamu yangu kisimani huku nikisikiliza wale watoto. Harufu ya uji wa ulezi wa chekechea ilinifikia, na sauti nayo ilinifikia: ba, bi, bu, ta, ti, tu. Shuleni kwetu tulifundishwa a, e, i, o, u. Hawa walikuwa na a, i, u tu. Zile mbili zilikwenda wapi? Swali hilo lilininyima raha. Nilipomuuliza bibi, alisema labda wameziuza ng'ambo ya mpaka kwa kwacha.

Nikamuuliza mwalimu wao, mama mmoja kutoka Kondoa, mke wa dereva wa lori, aliyekuja kisimani kuwanawisha watoto mikono. Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka mabegani.

"Herufi za Kiarabu hazina e wala o, mwanangu," alisema. "Hizo kila mtu anakuja nazo kutoka kwao."

Bibi alikuwa nyuma yangu na ndoo yake. Sikujua kama alikuwa anasikiliza, mpaka nilipomsikia akiuliza kwa sauti ndogo, "Hata mtu mzima mnamfundisha?"

"Hata mtu mzima, bibi. Jioni tuna kisomo cha Kiswahili hapa, kwa kina mama wote. Karibu sana."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu. Kanisani kwetu, kila Jumapili ya akina mama, mmoja wao alisoma somo mbele ya watu. Zamu ya bibi ilipofika, macho yake yaliuma. Mwaka huu macho, mwaka ujao macho. Lakini macho hayohayo yalimwona mdudu kwenye gunia la maharage kutoka mlangoni! Nilikuwa nimejiuliza sana juu ya macho hayo yanayochagua siku ya kuumwa. Kumbe bibi hakujua kusoma, na aibu ile aliibeba peke yake miaka yote, wala hakutaka kufa kabla ya kusimama pale mbele na kusoma kama wenzake.

Basi akaenda ngumbaru, kisomo hicho cha watu wazima, na mtaa ukapata la kusema. Jirani yetu, mwimbaji wa kwaya, alikuja mpaka jikoni kumwonya.

"Leo kisomo, mama. Kesho tutakuona na baibui."

"Miaka mingapi nakunywa maji yao?" bibi alimjibu huku akipepeta maharage. "Umeniona nimebadilika nini?"

Mwalimu yule alifundisha Kiswahili kwa njia aliyoijua yeye, yaani ya madrasa. Herufi ziliimbwa, na mwili uliyumba mbele na nyuma. Bibi alizibeba zote, herufi, wimbo na kuyumba kwenyewe. Alisoma mifuko ya chumvi akiyumba, na maandishi ya nyuma ya malori akiyumba. Asubuhi kisimani, watoto wakisema "ba, bi, bu" ndani ya ukuta, yeye alidakia kutoka nje, "be, bo!" Darasa zima liliangua kicheko, na mwalimu aliwaacha wacheke.

Jumapili ya akina mama ikafika. Bibi alivaa kitenge chake cha harusi za watu akasimama mbele. Mimi nilikuwa benchi la pili. Akavuta pumzi, akaanza kuyumba, na sauti ya madrasa ikajaa kanisa letu. Watoto wakafinyana. Mzee wa kanisa akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Bibi aliendelea, neno kwa neno, mpaka alipofika kwenye neno "upendo". Akasita. Nilijua amekwama wapi: wimbo wa mwalimu haukuwa na mahali pa e wala pa o, alikuwa akizipitisha harakaharaka moja moja, na hapa zilimjia zote mbili kwa pamoja. Jirani yetu wa kwaya akainamisha kichwa. Mimi nikaanza kulia.

Bibi akaacha kuyumba. Akalitazama lile neno kama alivyomtazama mteja anayepunja, kisha akalisema kwa sauti yake ya kila siku, ya Kinyiha kabisa: "U. Pe. Ndo. Upendo." Akamaliza somo. Akina mama wakaitika amina kwa nguvu, na jirani yetu akapiga kigelegele kabla ya wengine wote.

Hatukwenda nyumbani. Bibi alinishika mkono tukaenda moja kwa moja Taasisi, akamsomea mwalimu lile somo upya, pale kisimani. Mwalimu alifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Bibi, umesoma kwa sauti yangu!"

"Yako," bibi alikubali. "Ila e na o ni zangu."

Leo kituo kina ghorofa na sekondari. Kisima kimefunikwa, maji yanatoka bombani. Mwalimu alihama na mumewe, na hakuna niliyemuuliza aliyejua walikokwenda. Bibi amelala Isansa, pembeni ya mibuni yake. Ninamkumbuka kuliko ninavyoweza kukueleza.

Binti mmoja wa madrasa alitoka kuchota maji, akanisalimia shikamoo. Nikamuuliza e na o ziko wapi siku hizi. Akanishangaa. "Hazipo, mama," akasema, akarudi ndani.

Wakaanza tena. Ba, bi, bu. Kisha wakanyamaza kidogo kuvuta pumzi, na huku nje hakuna aliyedakia. Nikasogea ukutani nikasema mwenyewe, "be, bo."