Uji wa Soya wa Dada Yangu

Alhamisi, Wawi. Mwaka wa hamsini na nne tangu nihame hapa Pemba, na leo nimegombana na dada yangu kwa bakuli la uji.

Uji una unga wa soya. Mie nina kasoro ya damu ya kuzaliwa nayo, na daktari wangu wa huko ninakoishi kanikataza soya na jamii yote ya maharage.

"Uji wangu sumu, mdogo wangu?" Bi Asha kanuna.

Nikatoa karatasi ya daktari, nikamsomea: mtoto wa kiume, kama mie, huirithi kasoro hii kwa mama.

Nikaharibu zaidi.

"Wamtukana mama na yumo kaburini! Mama alikuwa mzima! Maharage tu alikuwa hayali, akisema ni mzio wa ukoo, mwiko tangu mababu..."

Akaitazama karatasi, kisha bakuli lake, ambalo lilikuwa tupu.

"Basi mie je? Nanywa uji huu kila siku nipate nguvu, na nguvu sizioni."

Uji uliobaki wamepewa kuku. Wao si wa ukoo wetu.

Jumatatu anakwenda hospitali ya Chake kupimwa damu. Nanyi kwenu mna mzio gani? Ulizeni wazee.

Karatasi nimemwachia yeye. Mie naondoka kesho, na kwa umri huu sitarudi.