Jumamosi Nakuja Isaka

Kutoka kwangu Kahama hadi kwa mama yangu Isaka ni lami tupu. Ukiendesha polepole, na mtu akakusimamisha Kagongwa kukuuliza bei ya mchele, bado hutamaliza saa moja. Safari hiyo mimi niliipanga kuliko watu wanavyopanga harusi. Tangu mahindi yakiwa machanga shambani mpaka watu wakayavuna, mimi napanga tu. Mipango si matumizi, walisema wahenga, na nadhani walikuwa wananisema mimi.

Nijieleze kidogo. Nauza mchele. Ghala langu liko kando ya barabara kuu, na pale sokoni wananiita Mama Mchele, wengine wananiita majina mabaya zaidi nikigeuka. Nina mdomo, sikatai. Wachimbaji wakija kutoka machimboni na fedha za dhahabu za jana, wakataka kunipandishia sauti, wanaondoka wamenywea. Kwa hiyo niliponunua gari, dogo, jeupe, lililotumika Japani mpaka likachoka, hakuna aliyeshangaa. Walisema, "Huyo mama lazima." Nilikwenda shule ya udereva, nikapata leseni, nikaanza kujipeleka sokoni, mashineni na kanisani, dirisha limeshushwa ili waone ni mimi.

Mama yangu alikuwa mama lishe. Pale Isaka kwenye bandari kavu, malori yanapopanga foleni kusubiri mizigo ya Rwanda na Burundi, yeye aliwapikia madereva wali, maharage, na siku nzuri kuku. Sare zangu, madaftari yangu, viatu vyangu vya kwanza vya ngozi, vyote vilitoka kwenye sufuria zile. Sasa ni mzee, goti moja limegoma, anakaa kwenye nyumba yetu ya zamani peke yake. Nilipompigia simu kumwambia nimenunua gari alisema:

"Mwanangu, siku utakayokuja nalo uliingize mpaka uani. Usiliache barabarani kama la mgeni. Nataka nilipulizie maji."

Kwetu mzazi akitaka kukubariki anachota maji, anapiga funda, anakupulizia. Akikupulizia kifuani umeshika njia. Chombo kipya nacho ni hivyohivyo. Kinaweza kuwa na hati na bima na kila kitu, lakini kama mzazi yupo na hajakipulizia, hakijatulia mikononi mwako. Mama hakuwahi kuniomba kitu kikubwa. Hiki ndicho alichoomba.

"Jumamosi nakuja," nikamwambia.

Tatizo lilikuwa malori.

Wakati najifunza, mwalimu alinitoa mara moja tu nje ya mji kwenye barabara kuu. Nilikuwa naenda vizuri kabisa, nimenyoosha shingo, mara lori lenye tela likatupita. Jamani! Ule upepo wake ulilisukuma gari letu pembeni, mimi nikafunga macho na kuachia usukani. Mwalimu ndiye aliyeushika. Tuliposimama kwenye changarawe hakunigombeza, alisema tu nishuke nipate hewa. Tangu siku ile, nikiona lami inatoka nje ya mji, nageuza gari.

Sikumwambia mtu. Mimi, Mama Mchele, niseme naogopa? Nikawa na sababu. Jumamosi ya kwanza nilisema fundi hajaliangalia breki. Iliyofuata nilisema kuna mteja anakuja kutoka Geita kuchukua mzigo. Halafu ikawa mvua. Halafu ikawa kwamba nimesikia Jumamosi hii barabarani kuna msafara, sijui msafara wa nani. Kila Ijumaa jioni nilikuwa mkweli kabisa, nakuapia. Nilijaza mafuta, nilipima upepo wa magurudumu, niliosha gari, nilitia mchele wa mama kwenye buti. Asubuhi nikiamka, lori moja linapiga honi huko barabarani, basi, mimi huyo nashika simu. Nilijifariji kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kumbe kilio kilikuwa kinakwenda kwingine.

Maana mama, kila nikisema nakuja, alichinja. Na kwake, chakula kilichopikwa kwa jina la mgeni hakilali, wala mwenyeji hakili peke yake. Mgeni asipokuja, majirani wanaitwa. Basi majirani walikula. Siku moja alinipigia mwenyewe anacheka.

"Leo wajukuu wa hapo jirani wameniuliza, 'Bibi, mwanao hatakuja lini tena?'"

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Nilipokata simu kicheko kiliniishia. Nilihesabu kichwani kuku wa mama waliobaki, nikaona heri niache kuhesabu.

Alikuwa na habari zake nyingine pia, na hizo ndizo zinazoniuma mpaka leo. "Nimepaka chokaa ukuta wa mbele," aliniambia safari moja. Vizuri mama, nikasema. Wiki nyingine: "Nimeazima viti kwa mzee wa kanisa. Ni vya plastiki, lakini vizima." Ahsante mama. "Choo sasa kina mlango wa bati." Hongera mama. Kuna wiki alisema jicho linamwasha na kutoa machozi. Nikamwambia anunue dawa ya matone, nikatuma hela ya kununulia, nikarudi kwenye mizani yangu. Nilimsikiliza kama mtu anavyosikiliza redio huku anachambua mchele.

Jumamosi ninayotaka kuisema, nilimpigia mapema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeshatoka?"

"Mama, we acha tu. Gurudumu limepata pancha."

Niliwasikia kuku huko nyuma yake, wale waliokuwa wamebaki.

"Haya," akasema, akakata yeye. Mama yangu hakati simu kamwe. Huwa anaendelea kuaga mpaka salio liishe.

Nikaenda ghalani, nikaegesha gari mbele ya mlango kwenye kivuli, nikaanza kugombana na watu. Kabla ya adhuhuri lori lilipunguza mwendo, likawasha taa za tahadhari, likasimama ng'ambo ya barabara. Lori lenyewe hasa, lenye tela, lenye vumbi la nchi tatu. Dereva, mtu mwenye mvi, alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa pili. Kwanza ulitoka mguu. Ule mguu niliujua. Halafu kanga. Halafu mama yangu mzima, anashuka ngazi za lori kinyumenyume na goti lile, dereva amemshika kiuno kwa heshima zote, "Taratibu mama, taratibu." Kisha akampa sufuria iliyofungwa kwa kitambaa.

"Huyu mama nimekula kwake kabla sijaoa," dereva akaniambia walipovuka. Alisema kwa sauti ya kunipongeza. Akaaga, akaondoa lori lake.

Nilipiga goti kumwamkia mama. Aliitikia bila kuniangalia. Alikuwa analiangalia gari. Aliniachia sufuria, akaanza kulizunguka, mkono mmoja juu ya bati jeupe, polepole kwa sababu ya goti. Aliangalia gurudumu la mbele. Akaangalia la nyuma. Akapita upande wa pili, nako akaangalia yote mawili. Akarudi mbele yangu.

"Lipi lina pancha?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Wapagazi wangu walikuwa wamesimama na magunia mabegani, wanatusikiliza. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwangu haikufika hata Kagongwa.

"Mama, naogopa," nikasema.

"Unaogopa nini?"

"Malori."

Aligeuka akatazama barabara, kule lori lilikoishia. Akanitazama tena.

"Malori? Haya yaliyokusomesha?"

Akaanza kucheka. Alicheka akaketi juu ya gunia, akacheka huku anapiga paja, na wapagazi nao wakapata ruhusa wakacheka. Nami nikatabasamu kinyonge, nikidhani yameisha. Kisha nikaona ameshika ncha ya kanga anafuta macho, na mabega hayachezi tena kwa kicheko.

"Mimi nilijua unaona haya," akasema. "Nilisema moyoni, mwanangu sasa ni mtu mkubwa, hawezi kuleta gari jeupe kwenye kibanda changu. Nikapaka chokaa. Hukuja. Nikasema labda hana pa kukaa, nikaazima viti. Hukuja. Nikasema basi ni choo." Akavuta pumzi. "Kumbe ni uoga tu. Wabeja, Mungu wangu. Afadhali uoga."

Alikuwa anashukuru kwa Kisukuma chake, amefurahi kweli, na mimi nilikuwa nakufa. Angenitukana ningejibu. Angenichapa kanga usoni mbele ya wapagazi ningestahili. Yeye ananishukuru kwa kuwa mwoga. Nilipiga magoti pale kwenye pumba za mchele nikamshika miguu, nikalia kwa sauti kama msibani. "Nyamaza," alisema, "chakula kinapoa. Nimechoka kulisha mtaa. Leo ule mwenyewe."

Tulikula juu ya magunia, kuku wa kienyeji na wali, na wapagazi wakaitwa. Alipomaliza kunawa alijivuta mpaka kwenye mlango wa mbele wa gari, akaingia, akapakata sufuria tupu.

"Washa," akasema. "Maji nitalipulizia kule uani, si hapa barabarani."

Sikuwa nimepanga chochote. Sikupima upepo. Niliwasha, nikaingia barabarani, viganja vinatoka jasho mpaka usukani unateleza. Naye, mnajua alifanya nini? Alilala. Hatujauacha mji vizuri, kichwa kimeegemea dirisha, anakoroma. Mimi roho iko juu, yeye analala kwenye gari langu kama kitandani kwake. Karibu na Kagongwa lori likatupita, gari likatikisika, nikapiga kelele, "Yesu wangu!" Mama akafungua jicho moja.

"Limeshapita?"

"Limeshapita."

"Basi," akasema, akalala tena. Macho sikuyafunga, na usukani sikuuachia.

Tulipofika Isaka nilikata kona ya kwetu, nikaenda polepole nikitafuta pa kuegesha, maana ua wetu ninaujua. Ni ua wa minyaa, baba aliupanda mimi nikiwa mdogo, umefungana kiasi kwamba hata kuku alitafuta pa kupenyeza shingo. Mlango wake ulikuwa wa mtu mmoja na ndoo yake.

Ua haukuwepo. Yaani ulikuwepo huku na huku, lakini katikati palikuwa peupe, minyaa imekatwa mpaka chini, visiki vimekauka zamani. Uwazi ule lori la kule bandarini lingepita, na tela lake. Ndani, matuta ya viazi vya mama yalikuwa udongo mtupu. Mbuzi wa mtaa mzima walikuwa wameyamaliza, na wawili walikuwa bado wanahangaika na mizizi.

"Nani amekata?" nikauliza, ingawa nilishaelewa lile jicho lililomwasha. Utomvu wa minyaa ukikurukia machoni unaweza hata kukupofusha, kila mtoto wa kwetu anajua.

"Mimi."

"Lini?"

"Uliposema Jumamosi unakuja. Ile ya kwanza."

"Na mbuzi je, mama? Si ungeziba hata kwa miiba?"

"Nizibe, halafu ufike ukute pamezibwa?" Alikuwa anahangaika na kitasa cha mlango, ana haraka ya kwenda kuchota maji. "Sikujua gari lako lina ukubwa gani, mwanangu. Mimi magari ninayoyajua ni yale ya bandarini. Nikapima kwa hayo."

Nikaingia. Kila upande palibaki nafasi ya gari jingine kama langu. Nilizima injini katikati ya uwanja, karibu na viti vya plastiki vilivyopangwa, nikamwangalia akienda mtungini anachechemea, na sikuweza kushuka.