Utingo Akinyamaza, Simama

Mwanangu, asubuhi ile naikumbuka vizuri. Biashara huria ilikuwa imeshika moto, na mimi niliyeishia darasa la nne, nikaanzia utingo wa lori, nilikuwa na mabasi ya Handeni hadi Tanga kupitia Korogwe, na kompyuta ya kukatia tiketi. Kabla yangu, nani Korogwe alikuwa nayo?

Niliajiri vijana wawili wasomi waniundie programu. Zaina wa Chanika aliandika sehemu ya kuuza viti, Mbwana sehemu ya kufungua viti vya wanaoshuka. Kila mmoja na meza yake, kila mmoja kimya.

Siku ya kwanza tu, basi liliposimama Korogwe, mama mmoja wa safari ya Tanga alishuka kununua machungwa. Kurudi, mwanamume kakaa kwenye kiti chake, na tiketi halali mkononi. Mama akaja ofisini.

"Baba, hiyo kompyuta yenu imenishushaje, na mimi sijafika?"

Nikampa kiti cha mbele, nikawageukia vijana.

"Mimi Korogwe nafungua vyote; viti vya wanaoendelea nilijua utavishika wewe," Mbwana akamwambia mwenzake.

"Mimi? Si nilijua ni wewe!" Zaina akaanza kukusanya vitu vyake, machozi yakimlenga. Ilikuwa kazi yake ya kwanza. "Tajiri, mimi nirudi tu Chanika."

"Huendi popote. Barabara hii haijapata utingo kama mimi. Lori likirudi nyuma dereva haoni, anaona kwa mdomo wangu: njoo, njoo, kata kulia, njoo! Nikinyamaza, anakanyaga breki. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu; nyuma ya lori, mshindo wenyewe ni ukuta wa mtu ukianguka."

Nikawaketisha benchi moja. Mmoja abonyeze, mwingine aseme. Sauti ikikatika, mikono juu. Mwanzoni waliona haya. Halafu nikasikia:

"Ngoja, na mwenye tiketi ya kuishia Korogwe akitaka kuunganisha mpaka Tanga?"

"Eeh, hilo sikuliwaza. Tajiri, huwa mnafanyaje?"

Hata mimi nikaingizwa! Wakabishana, wakacheka, wakafuta, wakaandika upya. Jioni Zaina aliuona mkoba wake bado uko mlangoni, akausukuma chini ya benchi.

Basi mwanangu unayeunda programu, usidhani mwenzako anajua kwa kuwa ana akili. Mwambie unachokiona na usichokiona. Muulize anashika nini, anakuachia nini. Kidole kimoja hakivunji chawa, na viwili visivyosemezana humtorosha.

Mungu akupe mwenzi wa kazi mwenye mdomo na masikio. Na kila uendako, ufike, kiti chako kikikusubiri.