Bega la Nne

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, niliyokataa kubeba mgonjwa. Nimekusimulia mengi ya ujana wangu, hasa yale yanayonipamba, lakini hili nimelikwepa kila mara. Leo nitalisema lote, nawe nivumilie, maana mzee akianza kujisema ubaya wake huwa anazungukazunguka kwanza.

Wakati huo bodaboda hazikuwepo kijijini kwetu, huku vilimani Kasulu. Mgonjwa akizidiwa alilazwa kwenye machela, yaani miti miwili mirefu iliyosukwa kamba katikati, akabebwa na watu wanne hadi hospitali ya misheni kule Kabanga, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Kila kitongoji kilikuwa na chama chake cha machela. Nyumba iliyotoa wabebaji ndiyo iliyobebewa wagonjwa wake. Machela yenyewe ilikaa kwa kiongozi wa chama, na kiongozi nilikuwa mimi, kijana wa miaka ishirini na miwili, mwenye mabega mapana na kichwa kilichovimba kuliko mabega.

Bondeni kwetu ziliishi familia zilizokimbia vita Burundi. Walilima vizuri, tulisali nao kanisa moja, na lugha yao na Kiha chetu zinasikilizana bila mkalimani. Lakini kwenye chama cha machela hawakuwamo. Tukiulizwa, tulijibu kwamba hawajawahi kutoa wabebaji. Na hawakutoa kwa sababu hatukuwahi kuwaita. Uone ujanja huo, mwanangu! Tena tulikuwa tunausema bila hata kupepesa macho.

Basi asubuhi hiyo akaja Samweli, mmoja wa watu wa bondeni, anakimbia, matope yamempanda hadi magotini. Mkewe Anastazia alikuwa na uchungu tangu jana yake mchana na mtoto hatoki. Mkunga wa kijiji alikuwa ameshakata tamaa, amesema apelekwe Kabanga upesi.

"Mwakeye, kaka," akanisalimu huku anahema. "Nisaidie watu watatu tu. Wa nne nitakuwa mimi."

Nilikuwa nimekaa na wenzangu wawili tunakula viazi vitamu. Sikuinuka. "Machela hii ni ya wenyeji," nikamwambia. "Ninyi Warundi bebaneni wenyewe."

Wenzangu wakacheka. Samweli alisimama palepale ananiangalia, na mimi nikaendelea kumenya kiazi changu. Nikikumbuka kile kiazi mpaka leo naona aibu.

Hazikupita dakika nyingi wakatokea Mwinjilisti Eliabu na mkewe, Mama Debora. Samweli alikuwa amepita kwao kabla ya kuja kwangu, nao wakamfuata. Hawa wawili inabidi nikueleze vizuri. Eliabu alikuwa Muha wa hapahapa Kasulu. Mama Debora wazazi wake walitoka Burundi. Walipooana, wajomba wa Eliabu walisusa harusi, na baba wa bibi harusi alikaa mwaka mzima bila kusema na binti yake. Wengine wangehama wakaishi mbali na maneno ya watu. Wao walibaki, na kuumaliza ugomvi ule wakakufanya ndiyo kazi yao.

Walichimba visima, walifyatua matofali ya darasa, walifundisha watu kuhifadhi mbegu za maharage. Na walikuwa na utaratibu wao ambao hakuna aliyeweza kuutingisha. Hakuna kazi iliyofanywa na Waha peke yao wala Warundi peke yao. Kwenye mstari wa majembe ulipangwa Muha, Mrundi, Muha, Mrundi. Mchana watu wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, walikula sahani moja. Mkija upande mmoja tu, Eliabu aliwashukuru kwa upole, akafunga kazi siku hiyo, akaenda kulima shamba lake. Sisi vijana tulimtania, tukiiita kazi yake makande, mahindi na maharage chungu kimoja. Alicheka na kusema makande yanashibisha.

Asubuhi ile Eliabu hakunihubiria. Alisema tu, "Naomba machela."

Mtu aliyenifundisha mafundisho ya ubatizo ningemkatalia vipi? Nikaonyesha ukutani ilipokuwa imeegemezwa.

"Na mabega?" akauliza.

Nikachukua kiazi kingine.

Mama Debora akaishika machela upande mmoja. Kwetu mwanamke hakubeba machela. Alifuata nyuma na nguo na uji wa mgonjwa. Mwenzangu mmoja akasema, "Mama, hiyo si kazi ya wanawake."

"Kweli kabisa," Mama Debora akamjibu. "Njoo basi uifanye wewe, mwanaume."

Hakuna aliyeinuka. Wakateremka bondeni watu watatu.

Baada ya muda tukamsikia Anastazia wakimbeba. "Mawe! Mawe wee!" akimwita mama yake kwa lugha yao. Kilio kilipanda kutoka bondeni, kikapita kando ya kijiji, kikaelekea njia ya Kabanga. Kicheko chetu kilikuwa kimekwisha. Mwenzangu mmoja akaaga, na wa pili akaondoka bila kuaga. Mimi nilikaa. Nilijiambia sheria ya chama ni sheria. Nilijiambia mengi, na kila nililojiambia lilinichukua muda, na muda wenyewe ndio ule mama aliokuwa akiuhitaji. Mwishowe moyo ukanishinda, nikatoka mbio.

Niliwakuta wamevuka kijito cha pili. Samweli alikuwa mbele peke yake, katikati ya miti miwili. Nyuma walikuwa mume na mke. Mama Debora alikuwa amekunja kitenge chake akakiweka begani chini ya mti, na kitenge kilikuwa kimelowa damu ya bega lake.

"Nikupokee mimi, Mama," nikasema.

Hakunishukuru, hakunitukana. "Shika mbele na Samweli," akasema. "Usimtingishe."

Hivyo nikawa bega la nne. Machela ikatulia, mwendo ukaongezeka, tukafika Kabanga kabla ya saa sita mchana. Anastazia alipona. Mtoto, wa kiume, alizaliwa amekwisha kufa. Muuguzi, asiyejua lolote kuhusu sisi, akasema kwa huruma, "Mngewahi kidogo tu." Kisha akaenda kwa wagonjwa wengine. Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyeniangalia.

Siku mbili baada ya maziko, Eliabu na Mama Debora walikuja nyumbani kwangu. Nikajua leo nitapata dozi yangu. Nikawapa viti, nikainamisha kichwa.

Mama Debora ndiye aliyeanza. "Nimekuja kukuomba msamaha," akasema.

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Njia nzima nilikulaani. Kila hatua. Nilimwomba Mungu na wewe ufiwe uone uchungu wake. Jana nimeimba kwaya na hilo likiwa bado moyoni mwangu. Nisamehe, mwanangu."

Nimewahi kupigwa, nimewahi kutukanwa mbele za watu, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumizwa na msamaha ule. Nililia kama mtoto. Yeye ndiye niliyewatukana watu wake, yeye ndiye aliyetokwa na damu, na yeye ndiye aliyetangulia kuja.

Nilipotulia, Eliabu akasema, "Sasa imebaki safari yako. Nyumba ya Samweli unaijua. Tutakusindikiza mpaka mtoni, na kutoka hapo utakwenda mwenyewe."

Nikataka kukamata kuku nimpelekee. Akanizuia. "Nenda mikono mitupu. Ukienda na kuku mtazungumza habari za kuku."

Nilimkuta Samweli anapalilia maharage. Nikasema nilichokwenda kusema: kwamba ningeinuka aliponiomba, labda mtoto wake angekuwa hai.

Alisimamisha jembe akaliegemea. "Labda," akasema. "Na labda asingekuwa. Mimi na mke wangu tutalala na hiyo labda maisha yetu yote. Na wewe lala nayo." Kisha akaingia ndani, akatoka na jembe la pili, akanipa. "Mstari ule bado haujapaliliwa."

Tukapalilia mpaka jua likazama. Mwezi uleule chama cha machela kilipangwa upya, kwa utaratibu wa Eliabu na mkewe, na kwa miaka mingi mimi na Samweli tulibeba mbele, yeye kulia, mimi kushoto. Mwinjilisti na Mama Debora baadaye walihamia Kibondo, wakaanza upya kule Kumsenga, visima vilevile, sahani zilezile za watu wawili. Sasa wamezeeka, magoti hayawatii, lakini ukienda kwao utakuta wanapanga nani akae na nani. Sijaona watu wakubwa kuliko hao, na hakuna cheo walichowahi kupewa.

Sasa sikiliza nasaha yangu. Mtu akikujia na shida, inuka kwanza; kabila lake halitakimbia. Awe wa bondeni, awe wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mwenye uchungu ni mwenye uchungu. Usijifiche nyuma ya taratibu za chama wakati moyo wako unajua kinachotakiwa. Ukikosa, nenda mwenyewe, mikono mitupu. Na ukikosewa mpaka ukachukia, mkumbuke Mama Debora, usione haya kutangulia.

Mungu akupe mabega yenye nguvu na masikio yanayosikia mapema. Akupe mwenzi wa kubeba naye. Nami namwomba jambo moja juu yako kila siku nikipiga magoti: ufike uzee wako, mwanangu, usiwe na labda ya kulala nayo. Amina.