Mtamba Aliyekwama Mtandaoni

Aibu hii nilitaka kufa nayo, lakini kwa vile nusu ya Voi ishaanza kuisimulia na kuongeza chumvi, afadhali muisikie kwangu mimi mwenyewe niliyeifanya.

Mimi ni karani wa chama cha wafugaji, na daftari letu la ng'ombe liko kwenye kompyuta ya ofisi kuu, Mwatate. Sisi wa Voi tunaliingia kwa mtandao. Asubuhi hiyo Mzee Mwadime alikuja kuhamisha mtamba aliyemnunua kule Ndara, ampeleke Ronge kwa wakwe wa mwanawe, awe mahari (na wakwe walishasema, ikipita saa nane mtamba hajafika, ndoa hakuna). Bila jina la Mzee kwenye daftari kama mwenye ng'ombe, hati ya kusafirisha haitoki. Nikajaza, nikabonyeza, kompyuta ikaandika: "Tafadhali subiri."

Sasa mimi ni mtu wa kushuku, nakiri, hata chai yangu ikipungua nauliza nani ameionja. Na niliyemshuku ni Bakari, fundi wetu wa kompyuta, kwa sababu chumba chake hufungwa mlango, tena wiki ile aliniambia ati anaweza kuiona mashine yangu akiwa kwake. Dakika tano, subiri. Kumi, subiri. Nikajiambia, huyu anamwandika mtamba kwa jina la jamaa yake, na mimi nimekaa namtazama! Nikachomoa waya wa mtandao wa mashine yangu, asiione tena. (Waya mmoja tu, jamani.)

Nikakimbilia kompyuta ya mapokezi, nikajaribu upya, nayo ikaniambia: "Rekodi hii imeshikwa na mtumiaji mwingine." Nikaingia ukumbini, wafugaji wamejaa, nikapaza sauti: "Mtamba wa Mzee anaibwa hapa hapa, na mwizi ni Bakari!"

Mzee Mwadime akashika kichwa. "Mwanangu Mghoi, saa sita hii, Ronge nitawaambia nini?"

Bakari akatoka chumbani kwake. Akapiga simu Mwatate, akaiweka kwa spika, akauliza ni nani aliyeshika rekodi.

"Ni mashine namba mbili, hapo Voi," sauti ikajibu. "Ilianza kuhamisha, ikapotea katikati. Mtambo haumtoi ng'ombe kwa muuzaji bila kumwingiza kwa mnunuzi, ni yote mawili ama hakuna, kwa hivyo unangoja neno la mwisho la mashine hiyo hiyo."

"Namba mbili ni ya nani?" mwenyekiti wa chama akauliza kutoka kati ya wafugaji.

Ilikuwa yangu. Ukumbi mzima ukanigeukia, mama mmoja akasema, "Kumbe mwizi amejishika mwenyewe," wakacheka mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Nikarudisha waya, mtamba akahama mara moja, hati ikatoka, lori likaondoka mbio (walifika saa nane na nusu, wakwe wakiwa washaanza kukunja viti, Mzee akawaomba mpaka wakakubali).

Mimi nikamfuata Bakari chumbani kwake nimwombe radhi kimya kimya. Akatikisa kichwa.

"La, Dada Mghoi. Umenituhumu mbele ya kaumu, basi radhi niombe mbele ya kaumu."

Nikarudi ukumbini, nikawaambia watu wale wale kwamba Bakari hajaiba kitu, mwenye makosa ni mimi. Hakuna aliyecheka safari hii, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tangu siku hiyo mashine ikisema subiri, nasubiri, na nikitaka kumshuku mtu naanza na aliyekalia kiti changu.