Nilipokuwa Mlimani, Jina Langu Lilikubali Kuuza Shamba

Mhariri, naomba unifichie jina. Nina miaka arobaini na mmoja, ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto watatu. Tunaishi nje kidogo ya Kitengela, kwenye ekari thelathini ambazo mume wangu alirithi kwa baba yake. Majirani wengi wameuza. Mimi nilikataa mara mbili, kwa sababu watoto wangu hawana kwingine.

Likizo ya Agosti mume wangu aliniambia, "Mama watoto, umechoka. Jumanne chukua pikapu, enda Namanga upande huo mlima unasemanga kila siku. Enda peke yako, upumzike." Katika miaka kumi na minane ya ndoa hakuwahi kunipa ufunguo bila kuuliza nitarudi saa ngapi. Hata mafuta alikuwa ameshajaza. Nilifurahi.

Niliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Isinya kulikuwa na baridi, pundamilia wakila kando ya lami. Baada ya Bisil barabara ilinyooka, twiga wakavuka polepole kama wenye shamba, na mlima wenyewe, Ol Doinyo Orok, ukajitokeza mbele, mweusi, wingu kichwani. Karibu na Namanga polisi akanisimamisha.

"Mama, kitambulisho."

Hakikuwa kwenye mkoba. Nilimwonyesha leseni, nikaongeza maneno ya Kimaasai ili ajue mimi ni wa huku.

"Hicho hata ng'ombe wa Tanzania, ng'ambo ya boda, wanaongea," akasema akicheka. "Haya, pita. Siku ingine usiache."

Nikadhani nimekisahau mezani.

Mlinzi wa msitu alinionyesha njia, akaniambia nikiona kinyesi kibichi cha nyati nigeuke bila kuuliza. Nilipanda kwa saa tatu chini ya mizeituni ya porini. Majani yalikuwa yamelowa na hakuna aliyeniita mwalimu wala mama. Juu nilikula viazi vitamu nikitazama tambarare ya upande wa kwetu. Sikumbuki siku nyingine nzuri kama ile, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Wakati wa kurudi nilisimama Kajiado kunywa chai. Mama wa mwanafunzi wangu wa zamani akanisogelea, akanisalimu kwa Kimaasai.

"Takwenya, mwalimu. Kumbe umepona?"

"Iko," nikaitikia. "Kwani nilikuwa mgonjwa?"

"Si ndio nilidhani. Asubuhi nilikuwa bodi ya ardhi na mambo yetu. Jina lako likaitwa, mzee wako akasimama na yule mdogo wako. Mdogo wako akaulizwa, 'Wewe ndiwe mke? Umekubali shamba iuzwe?' Akasema amekubali, akaweka kidole. Nikasema labda mmeelewana kwenu."

Kwa wasiojua, bodi haipitishi shamba liuzwe mpaka mke asimame na kukubali. Mdogo wangu, nitamwita Naserian, tunafanana hata walimu wenzangu hutuchanganya. Ndoa yake ilipovunjika nilimchukua kwangu na watoto wake wawili.

Nilifika nyumbani jua halijazama. Mume wangu alikuwa uani. "Mlima ulikuwaje?" akaniuliza. Nilimpita. Naserian alikuwa jikoni akikata mboga ya sukuma.

"Nipe kitambulisho changu."

Alikitoa ndani ya leso bila kubisha.

"Mzee wako aliniahidi kunikatia kiploti," akasema. "Wewe uko na mume, uko na kazi. Mimi nikifukuzwa hapa niko na nini?"

"Nani alikuwa anakufukuza?"

Aliendelea kukata sukuma.

Wakili ameniambia uuzaji unaweza kusimamishwa kabla hati haijabadilishwa, lakini lazima niandikishe taarifa polisi kwamba mwanamke mwingine alisimama kwa jina langu. Nilipomwambia mume wangu, alinijibu kwa utulivu, "Andikisha. Kidole si yangu."

Mnunuzi analeta wapimaji Jumatatu. Nikinyamaza, watoto wangu watakosa pa kujenga. Nikisema, mdogo wangu atashtakiwa, mume wangu atakaa nyumbani akinywa chai, na watoto wawili wa Naserian wataniuliza mimi mama yao yuko wapi. Ninyi mlio na dada, nishaurini kabla ya Jumatatu: niandikishe au ninyamaze?