Simba Waliopinduka Kwenye Mia Mbili

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Ferista Nzunda alikabidhi sarafu za shilingi mia mbili katika ofisi ya serikali ya mtaa, Tunduma. Kitabu cha wageni kina jina lake na saini yake. Idadi ya sarafu iliandikwa saba, ikakatwa, juu yake ikaandikwa nane. Kwenye safu ya sababu ya kuja, aliandika maneno mawili: kuomba usalama.

Ana miaka arobaini na sita. Alizaliwa kwenye shamba la kahawa la baba yake, jirani na Mbozi Mission, na kwa miaka tisa sasa anakaa mlangoni mwa choo cha kulipia kando ya stendi. Kuingia ni mia mbili. Mbele yake kuna meza, karatasi za chooni zilizokatwa vipande, na ndoo ndogo ya plastiki ya kutilia sarafu. Wenye vibanda wakiishiwa chenji humpelekea noti, naye huwahesabia sarafu. Hakulipwa kwa kazi hiyo wala hakuomba kulipwa. Kwa hiyo, kufikia mwaka huu, karibu kila sarafu iliyokuwa ikizunguka stendi ilikuwa imepita mikononi mwake.

Macho yake yalizoea sarafu kwa sababu ya kudanganywa. Wasafiri waliotoka Nakonde, upande wa pili wa mpaka, walikuwa wakimtumbukizia sarafu za Zambia katikati ya zake. Alijifunza kuzitambua kwa vidole, bila kutazama.

Oktoba iliyopita alikuja dereva wa lori aitwaye Gibson, kijana wa Vwawa ambaye hukaa Tunduma siku mbili tatu akisubiri karatasi za kuvuka. Alimsalimia kwa Kibemba, kama madereva wanavyopenda: "Mulishani, mayo," yaani hujambo, mama. Kisha akaomba kuangalia ndani ya ndoo.

"Unatafuta nini, mwanangu? Hela ni hela."

"Siyo zote, mama. Shika hii. Dole gumba chini, kidole cha shahada juu. Mzee Karume amesimama wima? Haya, izungushe kama mlango."

"Simba nao wamesimama."

"Ndivyo inavyotakiwa. Siku ukikuta simba miguu juu, niwekee. Nakupa elfu kumi."

"Elfu kumi kwa mia mbili?" Ferista alicheka. "Wewe bangi umeanza lini?"

Maelezo ya Gibson yalikuwa sahihi. Sarafu hugongwa katikati ya mihuri miwili. Muhuri mmoja ukilegea na kuzunguka, picha ya upande mmoja hutoka imepinduka. Sarafu za namna hiyo kwa kawaida hukamatwa kiwandani. Chache huponyoka, na wapo watu wanaozikusanya. Hazina bei rasmi. Bei ni ile wanayokubaliana wawili, na Gibson alikuwa mkusanyaji pekee ambaye Ferista aliwahi kumwona.

Alipata ya kwanza baada ya wiki tatu. Gibson alitoa elfu kumi bila kubishana. Baada ya hapo Ferista hakuacha tena. Kila alasiri, mabasi yakipungua, alimwaga sarafu juu ya kanga na kuzigeuza moja baada ya nyingine, midomo ikisema taratibu: "Wamesimama. Wamesimama. Wamesimama." Akikuta iliyopinduka aliitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kwa kuwa ndoo ni mali ya mwenye choo, alichomoa mia mbili yake mwenyewe kifuani na kuirudisha ndooni.

Alifanya hivyo ili asiibe. Lakini aliyekuwa ng'ambo ya barabara aliona mwanamke anayezisemesha hela, anatoa moja, anaingiza nyingine kutoka kifuani.

Aliyekuwa ng'ambo ya barabara ni Masumbuko, muuza makava ya simu na wakala wa kutuma fedha. Februari droo yake ilipungua mara tatu. Alihesabu, akahesabu tena, akamkumbuka mtu anayempa chenji kila siku. Neno chuma ulete lilitamkwa kwanza kwenye kibanda chake. Kila mfanyabiashara analijua: hela yenye dawa ikiingia kwenye droo yako, hutoka na wenzake na kurudi kwa mwenyewe.

Ferista alikuwa wa mwisho kusikia. Shani, muuza chapati ambaye meza yake inapakana na ya Ferista, ndiye aliyemwambia.

"Mama Tusekile, acha kuzigeuza hizo hela."

"Kwa nini?"

"Wanasema unazituma."

"Na wewe unasemaje?"

Shani aliangalia kikaango chake. "Mimi juzi nilihesabu mara mbili."

Kuanzia hapo hakuna aliyeleta noti kutaka chenji. Walioingia chooni walirusha sarafu mezani kutoka mbali, wasimguse mkono. Asubuhi moja alikuta chumvi imemwagwa kuzunguka kiti chake. Jumamosi, tarehe 8, alipokuwa akifunga kufuli saa kumi na mbili jioni, sauti ilitoka kwa vijana wa bodaboda.

"Tairi lipo, mama! Bado petroli tu!"

Wenzake walicheka. Ferista hakugeuka. Alivuta kufuli mara mbili kuhakikisha limeshika. Alipita kwenye lami, kati ya malori, badala ya uchochoro alioutumia miaka tisa.

Jumapili hakwenda kanisani. Alimpigia Gibson mara kumi na moja. Lori lilikuwa limeshapita Kapiri Mposhi, ndani ya Zambia, na simu haikupatikana. Binti yake, Tusekile, alimwambia kutoka Vwawa apande basi siku hiyohiyo, aache kila kitu. Alifunga begi, akalifungua. Akiondoka, watasema ameungama, na Vwawa si mbali kwa pikipiki.

Jumatatu alikuta mia mbili imening'inizwa kwa uzi mweusi kwenye kitasa cha choo. Alinyoosha mkono na kuizungusha.

Simba walikuwa wima.

Siku iliyofuata alichukua kopo na kwenda ofisi ya mtaa kabla hawajamfuata wao. Walimfuata hivyohivyo, watu kama arobaini, na walipofika walijaza mlango na madirisha yote mawili. Mwenyekiti wa mtaa, Deus Silwimba, alimpa kitabu asaini, kisha akamwambia amwage mezani alichonacho.

"Mwenyekiti, usizishike kwa mkono!" Masumbuko alipaza sauti.

Mwenyekiti aliurudisha mkono. Alizitenganisha kwa ncha ya biro. Saba.

Ferista alieleza yote: Gibson, mihuri, elfu kumi. Mwenyekiti alimtaka arudie mara mbili.

"Kwa hiyo ulikuwa unazichukua kwetu kwa mia mbili, wewe unauza elfu kumi?" aliuliza mtu dirishani.

"Nimeuza moja. Hizi nilikuwa namsubiri." Akawageukia wa dirishani. "Kila mwenye mia mbili aitoe. Dole gumba chini, kidole juu. Zungusheni kama mlango."

Walisita. Shani ndiye aliyeanza. "Yangu wima." Mwingine akajaribu, na mwingine. Kwa dakika kadhaa ofisi nzima iligeuza sarafu. "Wima." "Na hii wima."

"Masumbuko, mbona wewe hugeuzi? Unaogopa?" sauti ilitoka dirishani.

"Nimuogope nani?" Alifungua kibegi cha kiunoni. Aligeuza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne mkono wake ulisimama.

Shani aliona. "Wa kwake wamepinduka!"

Waliokuwa karibu naye walirudi nyuma, wakamwachia nafasi ya duara katikati ya chumba kilichojaa. Masumbuko alibaki na sarafu kiganjani, hawezi kuitupa, hawezi kuirudisha kwenye kibegi.

"Si yangu! Nimepewa!"

"Kumbe ni yeye!" Ilikuwa sauti ileile ya Jumamosi. "Anapiga kelele za mwizi huku dawa iko kiunoni! Jamani, tairi si lipo?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Masumbuko alimtazama Ferista. Alijua sarafu ilitoka wapi, na Ferista alijua. Ferista angenyamaza, angetoka pale akiwa huru.

"Ni ya kwangu," Ferista alisema. "Nilimpa kwenye chenji, ilinipita sikuiona. Ilete, baba, nikupe nyingine."

Masumbuko aliweka sarafu mkononi mwake. Ulikuwa mkono wa kwanza kumgusa kwa siku nyingi, na ulikuwa baridi kama wake. Ferista alichomoa mia mbili nzima kifuani, mbele ya macho yote, akampa. Watu wawili walitoka nje haraka, wameshikilia mifuko yao. Mwenyekiti alivuta kitabu, akakata saba, akaandika nane, na kuzifungia sarafu kwenye droo.

Mwenyekiti ameitisha kikao cha wafanyabiashara wote wa stendi Jumamosi, tarehe 15, saa nne asubuhi. Simu ya Gibson imepatikana. Lori lake liko kwenye foleni Nakonde, na ameahidi kuja kuzinunua sarafu hadharani. Wasipomwamini, Ferista ataondolewa stendi. Masumbuko ameandikwa shahidi wa kwanza na hajasema atasema nini. Mpaka siku hiyo choo kimefungwa. Ferista atakwenda kikaoni kwa miguu, kwa njia ya lami.